Ndege za wakati wa "Rabbi Jacob": namna ya kuzitambua, na ile iliyotekwa

Filamu ya kuchekesha "Les Aventures de Rabbi Jacob", ya mwongozaji Gérard Oury, ilitoka Ufaransa tarehe 18 Oktoba 1973. Ndani yake Louis de Funès ni Victor Pivert, tajiri mwenye kiwanda anayedharau kila mtu asiyefanana naye. Akiwa mbioni pamoja na Slimane, mwanasiasa wa nchi ya Kiarabu, anafika uwanja wa ndege wa Orly, karibu na Paris. Hapo wawili hao wanavaa nguo za marabi, na watu waliokuja kumpokea Rabi Jacob kutoka New York wanadhani Pivert ndiye mgeni wao.

Orly ilionekana katika filamu nyingi za Kifaransa za miaka hiyo, na mpenzi wa ndege anaweza kuzitazama kama kitabu cha historia. Jambo la kwanza ni kuhesabu moteri na kuangalia zimekaa wapi.

Ndege yenye moteri mbili pembeni mwa mkia, na madirisha ya pembe tatu yenye kona za mviringo, ni Caravelle. Iliundwa Toulouse na kuruka mara ya kwanza tarehe 27 Mei 1955. Wakongomani nao waliijua: Air Congo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1961 na kuitwa Air Zaïre kuanzia 1971, ilikuwa na Caravelle.

Moteri tatu nyuma, na bawa dogo lililokaa juu kabisa ya mkia kama herufi T, hiyo ni Boeing 727. Moteri nne chini ya mabawa huleta ubishi, kwa sababu Boeing 707 na DC-8 zinafanana sana. Hapo inafaa kutazama ncha: 707 ina kijiti chembamba juu ya mkia kinachoelekea mbele, wakati DC-8 ina matundu mawili chini ya pua, kama pua ya mnyama. Boeing 747 haina shida, nundu yake inatosha.

Picha ikiwa safi, herufi za usajili humaliza mabishano: F ni ya Ufaransa, OO ya Ubelgiji, N ya Marekani, 9Q ya Kongo.

Lakini Boeing 727 moja iliingia katika historia ya filamu hii nje ya skrini. Siku ileile ya tarehe 18 Oktoba 1973, vita vya Israeli na nchi za Kiarabu vikiwa havijafika wiki mbili, Danielle Cravenne alipanda ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Nice. Alikuwa mke wa Georges Cravenne, mtu aliyeshughulikia matangazo ya filamu hiyo. Akiwa na silaha, aliiteka ndege na kudai filamu ipigwe marufuku. Ndege ilitua Marignane, karibu na Marseille. Abiria walitoka salama. Polisi waliingia na kumpiga risasi, naye akafa.

Filamu haikuzuiwa. Wafaransa wengi walikwenda kuitazama, na hadi leo familia huicheka pamoja. Ujumbe wake ni wazi: Myahudi na Mwarabu wanaweza kupeana mkono, na mwenye dharau anaweza kufundishwa. Ni jambo la kusikitisha kwamba kicheko hicho kilianza siku moja na kifo cha mwanamke aliyeamini kwamba wakati wa vita haukuwa wakati wa kucheka.

Kwa hiyo anayetafuta ndege katika sinema za zamani asiishie kwenye jina la ndege. Aulize pia ilikuwa mwaka gani, ikienda wapi, na nani alikuwa ndani. Moteri tatu nyuma na mkia wa T vinamwambia ni Boeing 727; tarehe ndiyo inayomweleza mambo mengine.