Kinachounganisha Watu: Habari Kutoka Gombe na Budongo

(Mazungumzo ya redio katika kipindi cha amani)

Ninasema hasa na ninyi mliohama makwenu kwa sababu ya vita, na ninyi mliowafungulia milango, na machefu wa kartie na wa vijiji mnaopokea mashitaka ya pande zote mbili. Leo ninawaletea historia iliyoanza ng'ambo ya ziwa letu. Ni habari ya wanyama, lakini iliandikwa na watu waliotaka kujua kwa nini wanaoishi pamoja hushikamana, na kwa nini siku nyingine huachana.

Kwanza neno moja. Sisemi kwamba mtu ni mnyama. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu tumesikia watu wakiitwa nyoka na mende kabla ya kuuawa, na mimi siongezi jina katika orodha hiyo. Ninamtaja sokwe, ambaye wengi wetu tunamwita sokomutu, kwa sababu mwili wake unakaribiana sana na wetu: wetu sisi sote, wa kila kabila.

Gombe iko Tanzania, kaskazini ya Kigoma, kama kilometa 150 kutoka Uvira. Wanaosafiri kwa mashua kutoka Kalundu kwenda Kigoma wanavijua vilima vyake. Mwingereza Jane Goodall alifika huko Julai 1960, na kazi aliyoianzisha haijakoma, ingawa yeye mwenyewe alifariki Oktoba 2025. Miaka kumi ya kwanza aliona sokwe wakisafishana manyoya, wakikumbatiana, wakipatana baada ya ugomvi. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi lile moja likagawanyika. Wengine walibaki bonde la Kasakela, wengine wakahamia kusini, Kahama. Watafiti waliorudia daftari za zamani wakaandika mwaka 2018 kwamba chanzo kikubwa kilikuwa ugomvi wa ukubwa: dume mmoja wa kaskazini, Humphrey, na madume wawili wa kusini, Charlie na Hugh, walikuwa wakigombania nafasi ya juu, na kila mmoja alikuwa na wafuasi wake. Sidhani kuna chefu anayenisikiliza ambaye habari ya namna hii ni ngeni kwake.

Tarehe 7 Januari 1974 dume wa Kahama aliyeitwa Godi alikuwa akila peke yake. Madume wa Kasakela walimfikia kimya kimya. Mtanzania Hilali Matama, mfanyakazi wa utafiti, alikuwapo na aliona: Humphrey alimkamata Godi mguu na kumlaza chini, na wengine wakampiga na kumng'ata kwa muda wa dakika kumi hivi. Godi hakuonekana tena. Kufikia mwaka 1978 madume wote wa Kahama walikuwa wameuawa au wametoweka. Waliouawa hawakuwa wageni. Walikuwa wamekula na kusafishana manyoya na wauaji wao kwa miaka mingi. Na Kasakela hawakuifaidi sana ardhi waliyoitwaa, maana kundi lingine kutoka kusini zaidi, la Kalande, liliwasukuma nyuma.

Hapo historia ya Gombe inaingia katika historia yetu wenyewe. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha wapatao 40 walivuka ziwa kutoka upande wetu, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni na kuwapeleka katika milima ya Fizi. Walikuwa wapiganaji wa chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, yule aliyekuja kuongoza vita vya 1996 na kuwa rais Mei 1997. Wanafunzi wote wanne waliachiliwa baadaye wakiwa hai. Wazungu walipoondoka Gombe, wafanyakazi Watanzania ndio walioendelea kuandika kila siku walichokiona. Bila wao tusingejua vita ile iliishaje.

Mmoja wa wale wanne alikuwa Barbara Smuts, Mmarekani. Angeweza kurudi kwao akaiacha Afrika kabisa. Alikwenda Kenya, karibu na Gilgil, akafuata nyani, na mwaka 1985 akatoa kitabu juu ya urafiki wao. Alionyesha kwamba jike na dume huweza kuwa marafiki wa miaka mingi, na rafiki huyo humlinda mama na mtoto. Wengine wakaendeleza njia hiyo huko Amboseli. Mwaka 2003 waliandika kwamba watoto wa nyani jike mwenye wenzake wengi wa karibu walipona zaidi kuliko watoto wa jike mpweke.

Sasa, urafiki huo unakaa wapi katika mwili? Mwaka 1906 daktari Henry Dale wa London aligundua kwamba maji ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hukaza mji wa mimba. Kichocheo kilichomo kikaitwa oksitosini. Mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud aliweza kukitengeneza maabarani, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Akina mama wanakijua ingawa hawajui jina: ndiyo sindano anayochomwa mzazi ili damu isitoke kupita kiasi. Kwa miaka mingi waganga walidhani kazi yake ni hiyo pamoja na kuteremsha maziwa. Mwaka 1979 huko Marekani panya majike wasiojazaa walitiwa oksitosini ndani ya ubongo, na wengi wakaanza kulea watoto wasio wao. Hapo watu wakaanza kuuliza maswali mengine.

Swali kubwa lilijibiwa jirani, katika msitu wa Budongo, Uganda. Catherine Crockford na Roman Wittig waliwafuata sokwe porini, na sokwe alipokojoa wao walikusanya mkojo juu ya majani (kazi isiyo na heshima, lakini yenye faida) ili wapime oksitosini iliyomo. Mwaka 2013 waliandika kwamba kichocheo hiki hupanda sokwe anaposafishwa manyoya na rafiki yake. Akisafishwa na asiye rafiki, hakipandi vile. Na rafiki huyo akiwa ndugu wa damu au asiwe, ni sawasawa.

Mwaka 2014 wakaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Sokwe aliyegawana chakula na mwenzake alikuwa na oksitosini nyingi kuliko aliyekula bila kugawana, na nyingi kuliko aliyesafishwa manyoya. Ilipanda kwa aliyetoa na kwa aliyepokea. Ilipanda hata kama wawili hao hawakuwa marafiki kabla ya siku ile. Maana yake, kusafishana kunatunza urafiki uliopo. Kugawana chakula kunaweza kuanzisha usiokuwapo.

Msifikiri lakini kwamba hii ni dawa ya wema. Katika msitu wa Taï, Ivory Coast, Liran Samuni na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba oksitosini hupanda pia sokwe wanapojikusanya kwenda mpakani kupambana na kundi jirani. Kile kile kinachomfanya ampende wa kwake humtia nguvu akimwendea mwingine. Tumeliona hilo kwa vijana wetu: kadiri wanavyokaa wao kwa wao usiku wakilinda mtaa, ndivyo wanavyopendana, na ndivyo wanavyozidi kumwogopa wa mtaa wa pili.

Basi kuna jambo la sufuria. Hapa Uvira wengi waliohama walipokewa katika nyumba za watu, na wiki za kwanza walikula bugali moja na ndagala zile zile. Halafu msaada unakuja, unagawiwa wageni peke yao, mwenye nyumba anatazama, na baada ya siku chache kuna mafiga mawili uani. Wanaogawa msaada wana hesabu zao, siwalaumu. Lakini chefu anaweza kukaa na pande mbili kabla ya magunia kufunguliwa, akauliza watapikaje. Kichocheo chenyewe hupanda kwa muda mfupi kisha hushuka, kwa hiyo mlo mmoja wa sherehe mbele ya wageni wa heshima hautoshi.

Msikilizaji atauliza: kwa nini tusiwapulizie watu oksitosini puani, tukamaliza ugomvi? Walijaribu. Mwaka 2005 watafiti wa Zürich walisema waliopuliziwa waliwaamini zaidi wasiowajua katika mchezo wa fedha. Mwaka 2020 jaribio lilirudiwa kwa watu wengi zaidi, na matokeo yale hayakuonekana. Kwa sasa kazi yake iliyo hakika ni ile ya wodi ya wazazi, nayo inataka friji isiyozimika.