Utando

Neno linatokana na kutanda, na wengi tunalijua kwa maziwa yaliyopoa. Madaktari wanalihitaji kwa jambo zito zaidi: tabaka moja la seli lililotanda ndani ya kila mshipa wa damu. Nalipenda kuliko "ukuta", maana ukuta husimama tu, ilhali utando huu huamua kipi kipite na kipi kibaki.

Mtu akiwa na maambukizi makali, au ametoka kupasuliwa, utando wa mishipa ya mapafu hunata na chembe nyeupe hujibandika hapo. Akiongezewa damu yenye kingamwili fulani za mchangiaji, chembe hizo huchachamaa, huujeruhi utando, na maji huvujia kwenye vifuko vya hewa. Ndani ya saa 6 mgonjwa anatweta, ingawa moyo wake haujashindwa kazi. Kingamwili hizo hupatikana zaidi kwa wanawake waliowahi kubeba mimba; ndiyo maana Uingereza ilianza kupendelea plazima ya wanaume mwaka 2003.

Muuguzi akiona pumzi zinakwenda mbio na damu bado inatiririka, aifunge kwanza, ndipo amwite daktari.