Uhuru wa mshairi

Uhuru wa mshairi ni ruhusa ya kukiuka kanuni za kawaida za lugha ili kutimiza vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (idadi ya silabi). Ruhusa hii hudaiwa zaidi na umbo la arudhi, yaani kanuni za jadi za utunzi: katika tarbia (shairi la beti za mishororo minne) ya kawaida kila mshororo una mizani 16, yaani 8 za ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 za utao (nusu ya pili), na silabi moja ikizidi sikio lililozoea hulalamika.

Mbinu inayotumika sana ni inkisari, yaani kufupisha neno. "Aliyesema" lina mizani 5. Likiwa "alosema" hubaki 4, na umbo hilo halimshangazi msikilizaji wa pwani. Mazida ni kinyume chake: "enda" hurefushwa kuwa "enenda". Tabdila hugeuza silabi bila kugusa hesabu, kama "dunia" kuandikwa "duniya" ili kupata kina cha -ya. Kuboronga sarufi ni kupindua mpangilio wa maneno: "mtoto wangu" huwa "wangu mtoto". Mshairi pia huweza kuazima lahaja, kwa mfano "ndia" ya Kiamu badala ya "njia".

Kaluta Amri Abedi alizieleza kanuni za utunzi katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954). Euphrase Kezilahabi, katika diwani yake Kichomi (1974), aliacha vina na mizani, na hapo haja ya inkisari hupungua. Hata kwa anayefuata arudhi, inkisari zikirundikana katika ubeti mmoja, aghalabu ni dalili ya msamiati haba.