Bunduki za Majini, magobore ya Tabora

Mwaka 2009 kampuni ya Kijapani, Capcom, ilitoa gemu iitwayo Resident Evil 5. Mchezaji anakuwa Chris Redfield, Mmarekani anayetua Kijuju, nchi ya kubuni iliyowekwa Afrika Magharibi, ambako wenyeji wameingiwa na vimelea wakageuka kuwa viumbe wanaokaribiana sana na mazombi. Viumbe hao wanaitwa Majini. Gemu yenyewe inaeleza kwamba neno hilo ni la Kiswahili, maana yake pepo wabaya. Na kweli, wanapokukimbilia na mapanga na mashoka, makelele yao ni ya Kiswahili.

Msomaji wetu atacheka kwanza. Majini ni wingi wa jini, sawa, lakini pia ndiko samaki anakoishi. Halafu eti Kiswahili kinazungumzwa Afrika Magharibi, tena mahali panapoitwa Kijuju, kana kwamba ni lugha ya watu waitwao Wajuju! Ila kicheko hicho hakidumu. Ukikaa na gemu hii saa moja tu, unagundua kwamba lugha uliyobembelezewa nayo utotoni ndiyo inayopigwa risasi ya kichwa. Hata kabla haijaingia sokoni, kionjo chake cha mwaka 2007 kilizua ubishi mkali kuhusu ubaguzi wa rangi, na hoja zilizotolewa wakati ule bado zina uzito.

Mimi leo nataka kuzungumzia bunduki.

Kwa sababu Resident Evil 5, tuseme ukweli, ni gemu ya bunduki. Unaanza na bastola ya Beretta. Baadaye unapata shotigani ya Ithaca, rashasha ya MP5, AK-74, bunduki ya mdunguaji aina ya Dragunov, mpaka kurusha maroketi. Njiani unaokota dhahabu na vito, unaviuza, na fedha unayopata unainunulia silaha au unaiongezea uwezo ile uliyonayo: ipige kwa nguvu zaidi, ibebe risasi nyingi zaidi, ijazwe upesi zaidi. Mwenzako Sheva Alomar, Mwafrika anayezungumza Kiingereza, naye ana bunduki. Mbele ya safari hata baadhi ya Majini wanakuja na bunduki zao. Lakini duka la silaha ni la kwenu ninyi wawili peke yenu.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Lini, katika historia ya kweli, watu wanaozungumza Kiswahili walikutana na bunduki kwa wingi, na wao walikuwa upande gani wa mtutu? Jibu linapatikana kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea Ujiji ziwani Tanganyika. Na jibu lenyewe halitupendezeshi.

Tuanze na chombo chenyewe. Bunduki iliyotawala njia ile karne ya 19 ni gobore, na kabla ya fataki kuenea lilikuwa gumegume, bunduki inayotegemea jiwe la kutoa cheche. Ilikuwa na kazi si kidogo. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia kitambaa au nyuzi za kuizibia, unatia risasi au marisau, kisha unachukua mdeki na kushindilia. Ndiyo, kushindilia, neno ambalo leo tunalitumia kwa mtu anayekula ugali bila huruma. Baada ya hapo unaweka baruti kidogo kwenye kisahani cha pembeni, unavuta mtambo, unaomba Mungu, unafyatua. Askari wa Ulaya aliyefundishwa vizuri aliweza kupiga mara tatu hivi kwa dakika. Mvua ikinyesha, umebaki na rungu la bei ghali. Fataki, kile kikofia kidogo cha shaba chenye baruti kali, kilipunguza tatizo la mvua, ila kikaleta lingine: jiwe la gumegume linaweza kuokotwa porini, fataki lazima itoke kiwandani, ng'ambo ya bahari.

Na magobore yenyewe yalitoka huko huko ng'ambo. Kila majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha, zile za zamani zilitafutiwa soko. Karne ya 19 mabadiliko yalikuwa ya haraka, kutoka jiwe kwenda fataki, kutoka fataki kwenda bunduki za kujazwa kwa nyuma, kwa hiyo shehena ziliendelea kushuka Unguja. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Hata ukimpunguzia nusu kwa kumshuku kuwa alitaka kuwatisha wakubwa wake, bado ni silaha nyingi mno.

Zililipiwa na nini? Pembe za ndovu na watu. Hakuna namna ya kulisema hili kwa upole. Gobore lilipanda kwenda Tabora begani mwa mpagazi, likasaidia kupata pembe na mateka, pembe na mateka wakashuka pwani, wakazaa gobore jingine. Tabora, ambayo Burton na Speke waliifikia Novemba 1857 wakaiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya mzunguko huo. Waarabu na Waswahili walijenga huko matembe yao kwa ridhaa ya mtemi wa Unyanyembe, na ridhaa hiyo ilidumu mradi hapakuwa na ugomvi wa kodi. Mtemi Mnywa Sele alipowatoza ushuru wasioutaka, mwaka 1860 walimwondoa kwa bunduki, wakamweka Mkasiwa.

Kwa wapenzi wa fasihi, shahidi wetu mkubwa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Tabora na alimwoa binti wa Mtemi Fundikira. Mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa mzee Unguja, Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na kitabu hicho ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa katika lugha yetu. Kisome ukiangalia bunduki. Zinahesabiwa kama mtaji, sambamba na pembe na watu. Hata jina lake, kwa mojawapo ya maelezo yanayosimuliwa, limetokana na mlio wa bunduki za watu wake: tip, tip, tip. Moja ya tawasifu zetu za mwanzo ina mlio wa risasi kwenye jina la mwandishi wake.

Lakini bunduki hazikubaki kwa wafanyabiashara. Mtyela Kasanda, anayejulikana zaidi kama Mirambo, alikusanya vijana wa rugaruga, akawapa magobore na mikuki, akajenga utawala wake Urambo, magharibi ya Tabora. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Agosti mwaka huo wafanyabiashara wa Tabora walikwenda kumshambulia, na pamoja nao alikuwamo mwandishi wa habari, Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Stanley alikuwa na bunduki ya kupiga mara 16 bila kujaza upya, huku walinzi wake wengi wakibeba magumegume. Ukitaka kujua nani ni nani katika msafara, tazama bunduki yake.

Kilichotokea Wilyankuru kingemkera mpiga gemu. Wafanyabiashara waliingia kijijini kirahisi, wakapora pembe na watu, wakaanza kurudi wamelemewa na mali. Mirambo alikuwa amewalalia kwenye majani marefu kando ya njia. Wakauawa wengi, akiwemo kiongozi wao kijana, Soud bin Said. Stanley, aliyekuwa hoi kwa homa, hakuwepo kwenye mapigano yenyewe. Wapagazi na walinzi wake walirudi mbio na habari. Wiki chache baadaye, tarehe 22 Agosti, Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, akafa siku hiyo. Stanley aliona moshi akiwa Kwihara, katika tembe ambalo leo ni makumbusho ya Livingstone, akaamuru kuta zitobolewe matundu ya kupigia risasi.

Ushindi wa Mirambo haukutokana na bunduki bora. Alijua kwamba mwenye gobore ana risasi moja, na kwamba mtu aliyebeba pembe hawezi kushindilia. Hata hivyo yeye pia alikuwa amefungwa kamba ile ile. Baruti yake ilitoka pwani. Ndiyo maana miaka iliyofuata alihangaika kutafuta urafiki na Wazungu na na balozi mdogo Kirk kule Unguja. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa Mpimbwe katika mapigano yaliyohusisha watu wake, na urafiki huo ukavunjika. Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake haikuchukua muda kusambaratika.

Halafu mlango ukafungwa. Julai 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, uliozuia kuuza silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kwa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa. Gumegume na baruti ya kawaida vingeweza kuruhusiwa kwa kibali. Soma tena sentensi hiyo. Teknolojia ya zamani kwa Waafrika, ya kisasa kwa wanaokuja kuwatawala. Ndiyo mgawanyo ule ule wa Kijuju, ukiwa na mihuri ya serikali.

Mtemi Isike wa Unyanyembe ndiye aliyelipa bei ya mgawanyo huo. Mwaka 1892 Wajerumani walimshambulia zaidi ya mara moja, wakashindwa kuiteka ngome yake. Januari 1893 walirudi chini ya Tom von Prince. Ngome ilipokuwa inaanguka, Isike aliingia kwenye ghala la baruti na kulilipua akiwa ndani. Masimulizi yanasema alikutwa bado anapumua, wakamtundika. Baruti iliyopandishwa mzigo kwa mzigo kutoka pwani, kwa pembe na kwa migongo ya watu, ikaishia kuwa njia yake ya kukataa kukamatwa.

Kuna kisa kimoja zaidi cha Tabora ambacho mtunzi wa gemu angekipenda. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu, Wajerumani waliishiwa sarafu. Walitengeneza zao hapo hapo Tabora, katika karakana ya reli: za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya ndovu, na za heller zilizotumia hata shaba ya maganda ya risasi. Risasi ikawa fedha, kama ambavyo fedha ilikuwa risasi kwa miaka 60 iliyotangulia. Septemba mwaka huo jeshi la Kongo ya Wabelgiji likaingia mjini.

Sasa turudi kwa Majini. Ninapowasikia wakipiga makelele kwa lugha yangu, naudhika, na sioni sababu ya kuacha kuudhika. Ila siwezi kujitetea kwa kusema kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya wasio na silaha. Lugha hii tunayojivunia kuwa ilituunganisha ilifika Tabora pamoja na gobore, katika msafara mmoja, mara nyingi mdomoni mwa mtu yule yule. Iliamrisha, ilinunua, ililia pia. Mpagazi Mnyamwezi aliisema, mfanyabiashara aliisema, mateka aliyetoka Manyema aliianza njiani. Capcom imechukua sehemu moja tu, ya anayelengwa. Sisi nasi tuna tabia ya kuchukua sehemu moja tu, ya aliyeunganishwa. Mirambo tumempa mtaa wa Benki Kuu pale Dar es Salaam. Walioporwa na rugaruga wake hawana mtaa.

Wapo vijana wa Kitanzania wanaotengeneza gemu siku hizi, na ninatamani mmoja wao aichukue njia hii. Sheria za mchezo ziko tayari. Kila bunduki ina bei ya pembe, na kila pembe ina mtu wa kuibeba. Baruti ikiisha, unasubiri msafara unaochukua miezi mitatu au minne kutoka pwani, tena ukiombea masika yasikukute njiani. Hongo inalipwa kwa kila mtemi. Na kabla ya kuanza, mchezaji achague: Stanley, Tippu Tip, Mirambo, Isike, au mpagazi asiye na jina mwenye gumegume lisilowaka. Wote watano waongee Kiswahili.