Abiria wa Nne

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Matatu ya zamani aina ya Nissan ilikuwa na nafasi mbili mbele, kando ya dereva, na safu nne nyuma. Ukikalisha watatu kila safu, abiria ni 14. Ukikalisha wanne, ni 18. Barabara ya Nairobi hadi Thika ilikwenda miaka mingi kwa hesabu ya pili, na yule mtu wa nne katika kila safu hakuwa ajali wala ukosefu wa adabu. Alikuwa biashara.

Mwenye gari hutaka kiasi chake cha siku, mafuta yatiwe, na kinachozidi wagawane dereva na makanga. Watatu wa kwanza kwenye kiti walikuwa wanamlipa mwenye gari. Wa nne, aliyeketi kwa paja moja huku mkono wake umeshika kiti cha mbele, ndiye aliyewalisha vijana wa gari. Ndiyo maana makanga hakuchoka kusema “songeni kidogo, huyo anashuka hapo mbele tu”, hata kama hapo mbele ni Makongeni ya Thika na gari bado liko Githurai.

Kabla ya matatu, kubanwa kulikuwa na rangi. Reli ilifika Thika mwaka 1913, ikapita Ruiru katikati ya mashamba ya kahawa na mkonge, na ndani ya gari la moshi nafasi iligawanywa kwa madaraja: Wazungu la kwanza, Wahindi la pili, Waafrika la tatu. Miaka hiyohiyo wazazi wa mwandishi Elspeth Huxley walitoka Nairobi kwenda Thika kwa gari la kukokotwa na ng'ombe, safari aliyoisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1959, The Flame Trees of Thika. Walisumbuliwa na vumbi na jua, lakini bega la mgeni halikuwagusa. Aliyekuwa kwenye benchi la daraja la tatu, na kikapu chake miguuni, hakuwa na vumbi jingi. Alikuwa na watu.

Na watu hao walitoka katika desturi iliyojua sana kuweka umbali. Katika boma la Mkikuyu, mume alikuwa na nyumba yake, thingira, na kila mke na yake. Haikuwa ruhusa kwa kila mtu kuingia kila mahali. Umbali mkubwa zaidi uliwekwa kati ya wakwe. Neno thoni, yaani haya iliyochanganyika na heshima, ndilo lililozaa Muthoni, mkwe, jina ambalo leo wanaitwa maelfu ya wasichana wasiofikiria kabisa maana yake. Kijana hakumsogelea mama mkwe ovyo. Sasa mweke kijana huyo kwenye safu ya nyuma, gari likate kona, na mama mkwe awe ndiye abiria wa nne.

Matatu zilianza kama gari za magendo, zikikwepa polisi na kunyang'anya abiria kutoka Kenya Bus Service, kampuni iliyoanza mabasi Nairobi mwaka 1934. Jina lilitokana na nauli: sarafu tatu za senti kumi. Inafaa kuliangalia hilo vizuri, kwamba chombo hiki kiliitwa kwa bei yake tangu kuzaliwa. Alama za mabasi ya zamani, kwa upande mwingine, zimebaki katika majina ya mitaa. Githurai 44 na Githurai 45 ni nambari za njia za basi ambazo watu wamezifanya makao.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya usafiri wa umma. Nyingi wakati huo zilikuwa pikapu zilizojengewa kibanda nyuma na mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana. Mpangilio huo ulikuwa na ukatili wake: ukitazamana na mtu, magoti lazima yapishane, goti langu kati ya yako na lako kati ya yangu, na katikati gunia la viazi au kuku aliyefungwa miguu. Zilipokuja gari za viti vinavyotazama mbele, abiria alipata nafuu ya macho. Mapaja yalibaki palepale. Msemo wa makanga ulikuwa “matatu haijai”, na kwa miaka 30 hakuna aliyeweza kumthibitishia vinginevyo.

Mwaka 1966 Mmarekani Edward T. Hall alichapisha kitabu kilichopima umbali ambao watu huuweka kati yao. Kwa wenzake wa Marekani aliona kwamba chini ya sentimita 45 hivi ni eneo la wapenzi, watoto na wagomvi. Hall alikiri kwamba vipimo hubadilika kutoka jamii moja hadi nyingine. Hata hivyo, ni vigumu kuamini kwamba abiria wa Thika alijisikia yuko kwa mpenzi wake kuanzia Ngara hadi Juja. Alichokifanya ni kile wanachofanya watu duniani kote wakifinywa: aliugeuza mwili kuwa mzigo, akatazama dirishani na kunyamaza.

Mtu aliyeubadilisha mchezo alikuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 2003, na tarehe 1 Februari 2004 zikaanza kutumika: kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na makanga, mkanda kwa kila abiria, na hakuna kusimama. Matatu za watu 18 zikawa za watu 14. Magari mengi hayakuonekana barabarani siku hizo, na watu walienda kazini kwa miguu. Shabaha ya waziri ilikuwa ajali, si starehe ya mtu. Lakini mkanda una tabia yake. Ukiufunga, umechora mpaka: hapa ni kwangu, mwisho wake ni hiki kifungo. Abiria walilalamika kwamba mikanda ni michafu inaharibu mashati, wakaishika tu mkononi mpaka polisi aonekane, lakini safu ya watatu waliipenda. Kwa mara ya kwanza abiria alikuwa na nambari ya kumtajia makanga, naye makanga akawa hana jibu.

Nambari haikuzuia kila mkono. Kiti kikiwa na nafasi, bado kuna wanaoamini kwamba mwili wa mwanamke aliyepanda gari ni mali ya steji. Mwaka 2014 abiria mmoja alivuliwa nguo na kudhulumiwa ndani ya matatu huko Githurai, na video ikasambaa. Novemba 17 mwaka huo wanawake waliandamana Nairobi wakidai haki ya kuvaa watakavyo, baada ya visa kadhaa vya namna hiyo. Desemba sheria ikabadilishwa: kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 10. Julai 2017 wanaume watatu wa kisa cha Githurai walihukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu. Kwa wanawake wa njia hii, historia ya nafasi si ya magoti tu.

Wakati huo barabara yenyewe ilikuwa imepanuka kupita kiasi cha mawazo ya mtu wa Nissan. Barabara kuu mpya ya Thika, iliyojengwa na kampuni tatu za Kichina na kufunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, ilifika njia nane mahali pengine. Lami ilipopata nafasi, watu waliifuata. Ruiru ilikuwa na wakazi wapatao 239,000 katika sensa ya 2009. Mwaka 2019 walikuwa 490,120, mji wa nne kwa ukubwa nchini, mbele ya Eldoret na Kisumu. Mashamba ya kahawa yakawa ghorofa za kupanga. Kubanana kukahama kutoka ndani ya gari hadi kwenye steji ya jioni, ambako basi likisimama mlango hupiganiwa kwa viwiko na mikoba hukumbatiwa kifuani kama mtoto mchanga.

Kisha Machi 2020 ikaja korona, na serikali ikafanya jambo ambalo hakuna abiria angethubutu kuliomba: gari la watu 14 libebe 8. Kiti kitupu kati ya mtu na mtu! Nauli zilipanda, wafanyakazi wa viwanda vya Thika wakailipia hewa iliyokuwa kando yao, na Agosti 2021 viti vikajazwa tena. Wako wanaokumbuka miezi hiyo ya ugonjwa kwa aibu kidogo, kwa sababu ndiyo miezi pekee waliyosafiri wakiwa wamenyoosha mikono.

Kwenye barabara kuu abiria wa nne sasa ni nadra mchana. Ukitaka kumwona, panda gari Thika jioni uelekee vijijini upande wa Gatundu. Kizuizi cha polisi kikishapitwa, makanga anainama, anatoa kibao chini ya kiti na kukilaza kati ya viti viwili, juu ya njia ya kupita. Wengine wanakiita sambaza. Anayekikalia hulipa nauli ileile, nao wa kulia na wa kushoto husogea kabla hawajaambiwa.