Gegedu la goti: Tiba za majaribio zimefikia wapi?

KWA mkulima wa pamba wa Kalemela, mkoani Simiyu, goti ni nyenzo ya kazi kama lilivyo jembe. Linapoanza kuuma kila ainukapo, ndugu huulizana iwapo ipo dawa ya kulirejesha katika hali yake, hata ikibidi kuuza ng'ombe.

Kinacholika katika goti hilo ni gegedu, yaani tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa ili isisuguane. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutokana na ute wa kiungo. Ndiyo maana likiumia haliungi kama mfupa, jambo ambalo tabibu William Hunter wa London aliliandika tangu mwaka 1743.

Wapasuaji wamejaribu kutoboa matundu madogo katika mfupa ili chembe hai za uboho zivuje na kuziba pengo. Hata hivyo, kinachoota ni kovu lililo dhaifu kuliko gegedu la asili.

Mwaka 1994 wataalamu wa Gothenburg, nchini Uswidi, walitangaza matokeo ya wagonjwa 23 waliochukuliwa chembe hai za gegedu lao, zikakuzwa maabara na kupandikizwa tena gotini. Desemba 2016 Marekani iliidhinisha tiba ya aina hiyo, lakini kwa majeraha ya gegedu la goti, si kwa goti zima lililochakazwa na baridi yabisi.

Dawa iitwayo sprifermin nayo ilijaribiwa kwa watu 549. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa gegedu liliongezeka unene kidogo sana, ila maumivu hayakupungua kuliko kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa.

Sindano za seli shina, ambazo hutangazwa kwa bei kubwa katika nchi mbalimbali, zililinganishwa nchini Marekani na sindano ya kawaida ya steroidi. Utafiti huo wa mwaka 2023, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 400, ulibaini kuwa baada ya mwaka mmoja hazikuishinda.

Kwa hiyo, hadi sasa hakuna tiba iliyothibitishwa kuotesha upya gegedu la goti lililochakaa. Kinachosaidia ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito uliozidi, na dawa za maumivu kwa ushauri wa daktari. Goti lililoharibika kabisa huweza kuwekewa kiungo bandia, upasuaji unaofanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Mgonjwa ambaye viungo vyake vingi vinavimba na kukakamaa asubuhi asichelewe kupimwa, kwani huenda ana baridi yabisi ya aina nyingine, ambayo dawa zikianza mapema huzuia gegedu lisiharibiwe.