Ushonaji wa mabaki ya vitambaa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Ushonaji wa mabaki ya vitambaa ni kazi ya kutengeneza vitu vipya kwa vipande vilivyosalia kwenye meza ya fundi cherehani, kwa nguo zilizochakaa na kwa mitumba iliyokosa mnunuzi. Katika jiji la Mwanza, na katika miji na visiwa vya Kanda ya Ziwa kuanzia Musoma na Ukerewe hadi Bukoba, kazi hii iko mikononi mwa mafundi wa barazani, wanafunzi wa ufundi na vikundi vya akina mama. Bidhaa zake za kila siku ni mifuko ya sokoni, foronya, mashuka ya viraka, nguo za watoto, aproni, vishikio vya sufuria, midoli na pedi za kufua. Siku hizi huelezwa mno kwa lugha ya miradi ya mazingira. Lakini kinachoamua kitakachoshonwa ni namna kitambaa kinavyouzwa na kukatwa, na mambo hayo yana umri mkubwa kuliko mradi wowote.

Kitenge huuzwa kwa kipimo, mara nyingi yadi 6, bila kujali umbo la mnunuzi. Gauni likila yadi 3 au 4, kinachobaki ni kipande cha kutosha sketi ya mtoto au mfuko mkubwa. Shingo na makwapa huacha vipande vya mviringo. Mikono huacha pembetatu ndefu. Katika viwanda vya nguo duniani hukadiriwa kuwa takribani asilimia 15 ya kitambaa huishia sakafuni wakati wa kukata, na fundi wa barazani asiye na mpangilio mzuri wa vielelezo hupoteza zaidi.

Utajiri hasa uko kwenye sare. Harusi, kwaya, kikundi cha vikoba au familia yenye msiba hununua kitenge cha chapa moja na mara nyingi hukipeleka kwa fundi mmoja. Kazi ikiisha, fundi huyo ana lundo la vipande vinavyofanana rangi na uzito, na hapo ndipo shuka la viraka lenye mpangilio wa macho linapowezekana. Vipande vya chapa tofauti tofauti navyo hushonwa, ila huhitaji jicho lililozoea. Bila kitambaa cha rangi moja cha kuvitenganisha, kazi hugeuka kelele.

Mabaki hayo ni ya nani? Swali hili limevunja urafiki mwingi kati ya mteja na fundi. Kwa mazoea, vipande vidogo ni vya fundi. Kipande kinachofikia yadi moja ni cha mteja. Fundi anayejiheshimu hukikunja na kukifunga pamoja na nguo iliyokamilika, na mteja akikiacha kwa hiari, huwa halali ya fundi. Mteja anayeuliza mapema hapati hasara.

Kabla ya viwanda, nguo zilifika ziwani kwa misafara. Marekani, kitambaa cheupe cha pamba kilichobeba jina la nchi kilikotoka, na kaniki nyeusi vilipitia Tabora na kuishia bandari kama Kageye, ambako Henry Morton Stanley alifika mwaka 1875. Nguo ilikuwa pia fedha ya safari, na hakuna aliyeitupa ovyo. Baadaye mwambao huu ukawa kitovu cha pamba: mikoa ya kanda ya magharibi ya kilimo cha pamba, ikiwemo Mwanza, Shinyanga, Simiyu, Geita na Mara, hutoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania, na mbegu zake zimefanyiwa utafiti Ukiriguru, mkoani Mwanza. Mwaka 1955 wakulima walipata Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani. Viwanda vya MWATEX, Mwanza, na MUTEX, Musoma, vilijengwa kusokota na kufuma pamba hiyo hapa hapa, ingawa hadi leo sehemu kubwa ya pamba nyuzi husafirishwa nje ikiwa bado haijawa kitambaa.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nguo ziliadimika nchini. Kwa watu wa wakati huo kiraka kilikuwa lazima, na hakikuwa na urembo wowote. Khanga moja ilipita ngazi zote: vazi, mbeleko, nepi, kisha tambara la kupigia deki. Vijana walifunga matambara kwa kamba wakapata mpira wa chandimu. Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, mitumba iliingia kwa wingi.

Katika soko la Mlango Mmoja, Mwanza, mitumba ina mafundi wake. Wengi wao hufanya kazi ya kupunguza: suruali pana huwa nyembamba, shati la mtu mzima likawa la mwanafunzi wa chekechea. Jinzi iliyotoboka magoti ndiyo malighafi bora kuliko zote kwa mifuko, kwa sababu miguu yake tayari ni mirija miwili yenye mishono imara. Fundi hufunga ncha ya chini, huweka mshikio juu na kazi imekwisha. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilitishia kuondoa nafuu ya ushuru kwenye soko lake, na Rwanda peke yake ndiyo iliyoshikilia msimamo hadi ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi mwaka 2018. Marobota yaliendelea kushushwa Mwanza.

Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza nchini tarehe 1 Juni 2019 lilifungua soko jingine. Hata hivyo, sehemu kubwa ya soko hilo ilichukuliwa na mifuko myepesi ya kiwandani inayofanana na kitambaa, ambayo nayo hutengenezwa kwa plastiki. Mfuko wa kitenge ni ghali zaidi, lakini hustahimili mzigo wa sato na viazi. Ili kupunguza kuvuja kwa maji ya samaki, upande wa ndani huwekwa bitana ya mfuko wa salfeti uliooshwa.

Ufundi wenyewe huanza na kutenganisha vitambaa kwa aina ya nyuzi. Fundi huchomoa uzi mmoja na kuuchoma: wa pamba hunuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, wa poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Vipande vya pamba hufuliwa kwanza, maana khanga mpya ina wanga, hupungua, na nyekundu yake huweza kuchuja juu ya nyeupe ya jirani. Kisha hupigwa pasi na kukatwa kwa kufuata mtande. Kiraka kilichokatwa mshazari huvutika chini ya mguu wa cherehani, na shuka zima huishia kupinda. Cherehani ya kukanyaga, Singer ya zamani au Butterfly, inatosha kabisa na haijali umeme ukikatika. Viraka huunganishwa kwa safu, na mishono ya safu mbili hulazwa pande tofauti ili makutano yasivimbe.

Pedi za kufua zinahitaji uangalifu kuliko vyote. Upande unaogusa mwili huwa pamba laini iliyofuliwa mara nyingi, katikati huwekwa matabaka ya taulo, chini kitambaa kisichopitisha maji. Tetroni ya sare za shule, ambayo mafundi wanayo kwa wingi, haifai kwa sababu hainyonyi. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018 na kuirejesha mwaka uliofuata, na pedi za kushona zikabaki njia ya wasichana wengi wasiomudu za dukani.

Ng'ambo ya bahari kuna ndugu wa kazi hii. Wanawake wa Kisidi wa Karnataka, India, ambao ni vizazi vya Waafrika, wengi wao wakiwa na asili ya Afrika Mashariki, hushona mashuka ya viraka yaitwayo kawandi kwa nguo kuukuu. Wao hushona kwa mkono, huanzia pembeni na kuzunguka hadi katikati, na kila kiraka hukatwa kulingana na nafasi iliyobaki. Mbinu hiyo ingewafaa mafundi wa Mwanza wenye vipande visivyolingana, kwani haidai vipimo.

Vinavyobaki baada ya yote ni chenga. Za pamba huoza. Za poliesta hazipotei, na zikitupwa kwenye mitaro mvua huzipeleka mto Mirongo na ziwani. Utafiti wa samaki walionunuliwa Mwanza mwaka 2015 ulithibitisha chembe za plastiki kwenye matumbo ya asilimia 20 ya sangara na asilimia 20 ya sato waliopimwa, poliesta ikiwa miongoni mwa aina zilizotambuliwa. Mafundi waangalifu hukusanya chenga hizo kwenye kiroba chini ya meza na kujaza mito ya kukalia, wakizichambua kwanza ili pini isibaki ndani.